Kutoa limita ya 180 kwenye Subaru: usikubali mtu akukatie waya wa spidi

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Forest Mpya, Mbeya. Nalifupisha: "Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2006, imetoka Japani moja kwa moja, gia za mkono. Nikipita Igawa nikaachia kwenye ile nyoofu ya Usangu, ikifika 180 na kidogo inashikwa kama mtu kaifungia mafuta, nikilegeza mguu inarudi vizuri. Kuna fundi hapa mjini kasema atakata waya wa spidi kwenye gia boksi kwa laki na nusu, limita inakufa. Ni salama? Kuna njia nyingine?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo wa kukata waya mana huyo anaweza akakuwahi kesho asubuhi: mwambie hapana, hata akishusha bei, hata akikufanyia bure.

Sasa turudi nyuma kidogo. Unachokutana nacho kwa maelezo yako ni limita ya kiwandani kweli, yani kizuizi cha spidi kilichowekwa na kiwanda, na nimefurahi umeeleza vizuri mana watu wengi wanakuja gereji wanasema "fundi gari ina limita" kumbe gari inaumwa. Limita ina tabia yake haibadiliki: inashika kwenye namba ile ile kila siku, mlima au tambarare, asubuhi ya baridi au mchana wa jua, taa ya injini haiwaki, na ukilegeza kidogo tu gari inarudi kama hakuna kilichotokea. Ikiwa leo inashika 160, kesho 145, na ukipanda Mlima Nyoka inashika 90, hiyo sio limita, hiyo ni pampu ya mafuta imechoka au chujio limeziba au koili ya plagi inakufa ikipata moto au masega ya ekzosi (kile kichujio cha moshi) yameziba, na mtu akikutolea limita kwenye gari kama hiyo amekula hela yako bure. Kuna na ile ya mizunguko ya injini, ambayo haiangalii spidi kabisa, inaangalia mshale wa RPM, hata ukiwa gia ya pili inakata pa-pa-pa pale pale kwenye wekundu. Hiyo ya mizunguko usiiguse kamwe, na mtu akikwambia "natoa zote mbili kwa pamoja" chukua funguo yako uondoke, mana hiyo ndo inayozuia valvu zisigongane na pistoni.

Kwanini 180? Sio kwamba injini yako inaishia hapo. Watengenezaji wa Japani walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba magari wanayouza nyumbani kwao yasipite 180, na vile vigari vidogo vya injini ya cc 660 visipite 140. Walikuwa na makubaliano mengine ya namna hiyo kwenye nguvu, kwamba gari lisitangazwe zaidi ya farasi 280, na ndo mana ukiangalia karatasi za STI yako, za Skyline GT-R na za Supra yenye tabo (turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) ya enzi zile zote zinasoma 280 kana kwamba zilizaliwa siku moja. Hilo la nguvu liliachwa 2004, Honda Legend ikatoka na farasi 300 mwaka huo huo, lakini la 180 likabaki. Kwahiyo gari lako lilitengenezwa na watu waliojua lina uwezo wa kupita pale, wakaliwekea ukuta wa namba.

Wajerumani nao wana wa kwao, 250. Na hapa kuna kitu nataka ukishike. BMW kwenye magari yao ya M wanakuuzia wenyewe kusogezewa huo ukuta, kwenye M5 ya kizazi cha F10 ilikuwa inafika 305, lakini unapolipia kifurushi hicho ndani yake kuna na darasa la udereva, unaenda unafundishwa na wakufunzi wao. Nissan GT-R ya 2007 ya soko la Japani ilikuwa na limita hiyo hiyo ya 180, ila gari likijitambua kwa GPS kwamba lipo ndani ya uwanja wa mbio unaotambuliwa, ndo dereva anaruhusiwa kuitoa, akitoka nje inarudi. Yani hata mwenye kiwanda, mwenye michoro yote na mahesabu yote, hakufungua hivi hivi.

Tuje kwenye waya. Mantiki ya huyo fundi naielewa na sio kwamba ni mjinga: kontrol boksi (kompyuta ya injini) inajua spidi ya gari kwa kupokea ishara kutoka kwenye sensa, sensa inahesabu mzunguko wa shafti na kutuma mapigo, mapigo yakiwa ya haraka spidi kubwa, yakiwa ya taratibu spidi ndogo, kontrol boksi ikiona yamefika kiwango inafunga noseli za mafuta. Kwahiyo ukikata waya kontrol boksi inaona gari limesimama, sifuri, haina sababu ya kufunga. Ni kweli. Lakini sasa fikiria kila kitu kingine kinachosikiliza ishara hiyo hiyo. Mshale wa spidi unakufa na namba za kilomita zinasimama, kwahiyo hujui unaenda ngapi, na siku ya kuuza gari hakuna atakayeamini kilomita zako. Kontrol boksi inaona injini iko mizunguko 4,000 na mzigo mkubwa huku spidi sifuri, inajua huo ni uongo, inawasha taa ya injini na kuweka kodi ya hitilafu, na taa ikishawaka moja kwa moja siku kitu kingine kikiharibika hutajua. Alafu kuna hili ambalo watu hawalitegemei: injini inapotoka spidi kubwa kurudi sailensa (mizunguko ya chini bila kukanyaga mafuta) inatumia ile ishara kujua gari bado linatembea, ikikosa inashusha mizunguko vibaya, unakanyaga klachi ukikaribia taa za Mafiati gari linazima, na likizima breki na stelingi zinakuwa ngumu. Kwenye magari ya otomatiki ndo balaa zaidi. Na kuna modeli ambazo namba ya spidi haitoki gia boksi hata kidogo, inatoka kwenye sensa za ABS za magurudumu, mtu akikata huko umepoteza ABS, na kwenye STI defu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, nayo inategemea taarifa za magurudumu. Muulize anakata waya gani, wa rangi gani, unaenda wapi, akuonyeshe mchoro. Akishindwa kukuonyesha mchoro basi anakata kwa kubahatisha kwenye gari lako.

Njia ya pili ni kiboksi kidogo kinachowekwa katikati ya sensa na kontrol boksi. Kampuni za Japani wameviuza miaka mingi, HKS ni mmojawapo. Chenyewe kinaacha mapigo yapite kama yalivyo mpaka karibu na kiwango, hapo kinashikilia namba isipande, kwahiyo kontrol boksi inaona 170 na kitu daima. Ni kizuri kuliko kukata mana mshale unabaki hai, na kikifa unakitoa gari linarudi kama zamani. Ubaya wake ni viungo. Mtu akiunganisha kwa kusokota waya na selotepu, vumbi na baridi yetu ya Juni na Julai vikianza kazi, baada ya miezi unaanza kupata mshale unaruka ruka na huo ni ugonjwa mgumu kuutafuta. Kiungo kisodewe na kivalishwe mpira wa joto, hakuna njia ya mkato.

Njia ya tatu ndo ya kisasa, kuflashi kontrol boksi. Limita kwenye Subaru yako ni namba tu zilizokaa kwenye jedwali, moja ya kufunga mafuta na nyingine ya kuyarudisha spidi ikishuka, unasoma programu yote kutoka kwenye gari, unabadilisha namba hizo, unairudisha. Kwenye Subaru za umri wako chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi mbili za kijani zinaning'inia hazijaunganishwa. Ukiziunganisha ukafungua switchi bila kuwasha injini utasikia pampu ya mafuta na feni za rejeta zinajiwasha na kujizima, tk, tk, tk, hiyo ndo gari linakwambia liko kwenye hali ya majaribio, na hapo ndo linakubali kuandikwa. Mchakato wenyewe ni dakika chache. Lakini dakika hizo chache ndo kontrol boksi inaweza kufa: umeme wa betri ukishuka katikati ya kuandika, programu inabaki nusu, gari haliwaki tena. Nimeshaletewa moja hivyo, betri ilikuwa imechoka na feni zile zilikuwa zinaendelea kuwaka na kuzima na kula chaji, jamaa hakuweka chaja, programu ikakatikia njiani. Gari lilivutwa kwa kamba toka Soweto mpaka kwangu. Kwahiyo yoyote atakayeflashi gari lako, umuone kwa macho yako anaunganisha chaja ya betri kwanza, umuone anasoma faili la kiwandani na kulihifadhi, na akupe nakala kwenye flashi diski yako uende nayo nyumbani. Asiyekupa faili lako la mwanzo hana njia ya kukurudisha.

Na umwambie wazi: nataka namba ya spidi peke yake, usiguse muda wa moto wa plagi, usiguse presha ya tabo. Nasema hivi mana kuna mtindo wa mtu kupakua faili la mwenzake wa nchi nyingine linaitwa "steji wani" analimwaga kwenye gari lako. Injini ya STI ya Japani ilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, oktani inayokaribia 100, ambayo kwenye vituo vyetu Uyole wala Makambako hupati. Kiwanda kiliacha nafasi ya kompyuta kujirekebisha ikisikia injini inagonga, sasa mtu akija akala nafasi hiyo ili upate farasi 20 za ziada, unapoteza pistoni.

Hayo ndo ya umeme, na kusema kweli hayo ndo mepesi. Mimi wateja wakija na swali lako siendi kwenye kompyuta kwanza, nachuchumaa pembeni ya gurudumu nasoma tairi.

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi kama 225/45R17 91W. Ile 91 ni mzigo, kilo 615 kwa tairi moja. Ile herufi ya mwisho ndo spidi ambayo tairi imehakikishwa: S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Sasa nenda pale nje kaangalie zako, zote nne, mana kwa magari yetu mara nyingi mbele kuna W na nyuma kuna H, au moja imebadilishwa njiani ikawekwa iliyopatikana. Herufi yenye spidi ndogo kuliko zote ndo spidi ya gari lako. Alafu tafuta DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, 3214 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2014. Watengenezaji wengi wa tairi wanasema ikifika miaka 5 ianze kukaguliwa kila mwaka na ikifika 10 itolewe hata kama meno yamejaa, mana mpira unazeeka ukiwa umekaa tu. Na ile herufi ni ya tairi mpya, yenye upepo sahihi, ambayo haijazibwa. Ukiwa umepigwa msumari pale Igurusi ukachomekewa kamba, tairi itatembea vizuri tu miaka, lakini kwa 200 na kitu sio tairi ya W tena.

Nikusimulie moja ili uelewe kwanini nakazania. 2021 kuna mteja kaja na Mark II, analalamika stelingi inatetemeka akifika 100, ameshafanya balansi mara mbili haiponi, na alikuwa kwenye mpango kama wako wa kutoa limita. Nikapandisha gari jeki nikazungusha gurudumu la mbele kushoto kwa mkono taratibu huku nimeweka kiganja juu ya meno. Kila mzunguko kiganja kinapanda, kama unapapasa mgongo wa mtu ukakutana na jipu. Meno yamejaa kabisa, tairi inang'aa, kaipaka dawa nyeusi. DOT inasoma 0911. Nikaitoa kwenye rimu nikaikata kwa kisu pale kwenye uvimbe: nyaya za chuma ndani zina kutu nyekundu, na mpira uliotakiwa kuzishika umekuwa unga, ukiusugua na kidole unamwagika sakafuni. Juu na chini zilikuwa zimeshaachana kama chapati za kusukuma, zimebaki kushikiliwa na ngozi ya nje tu. Tairi ile ilikuwa ni ya T, 190 kwenye karatasi. Alikuwa ametoka nayo Iringa asubuhi ile na mkewe na mtoto, na kuna mahali njiani amefika 140. Ile limita anayotaka kuitoa ilikuwa mbali huko, haijawahi hata kuguswa, na gari lilishapitiliza uwezo wake muda mrefu. Niliiweka ile tairi ukutani gereji mpaka leo ipo.

Ukiacha tairi kuna kusimama. Joto ambalo breki zinatakiwa kumeza linapanda kwa mraba wa spidi, kwahiyo kutoka 180 kwenda 220 sio nyongeza ya robo, ni karibu nusu nzima zaidi. Kwa lami kavu, tairi nzuri, breki nzima na dereva anayewahi kukanyaga ndani ya sekunde moja na nusu, 100 unasimama kwa kama mita 90, 180 kama mita 230, 220 kama mita 325. Kwa 180 unakwenda mita 50 kila sekunde, yani uwanja wa Sokoine toka goli hadi goli sekunde mbili. Usiku fulu za gari la kawaida zinakuonyesha mita mia na kitu mbele, hapo hesabu inajieleza. Na hiyo ni breki nzima. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani taratibu, ya daraja la DOT 3 (hii sio ile DOT ya tairi) yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205 lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140, DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa povu, povu linabanika, pedali inaenda mpaka chini kwa mguu wako. Wanaoshuka Kitonga kwa kukanyaga breki tu bila gia wanalijua hilo. Mara ya mwisho umebadilisha mafuta ya breki lini? Watu wengi niliowauliza hawajawahi, wanajaza tu yakipungua.

Kuna jambo la huku kwetu juu ambalo watu wa Dar hawalifikirii. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Gari lisilo na tabo linapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho, kila anayepanda kutoka Dar analihisi. Lakini la tabo kama lako ni tofauti, tabo inajitahidi inazunguka zaidi ili presha ifike ile ile, kwahiyo nguvu inabaki karibu yote, na wakati huo huo upepo unaolizuia gari mbele nao umepungua. Ndo mana unaona STI huku inakimbilia 180 kirahisi kana kwamba imebaki na hamu. Ila hiyo starehe inalipiwa na tabo yenyewe, inazunguka kwa kasi kuliko ilivyopangwa usawa wa bahari na hewa inayotoka ni ya moto zaidi, na rejeta nayo inapoozwa na hewa hiyo hiyo nyepesi. Maji kwenye sufuria hapa Mbeya yanachemka kama nyuzi 94, kwenye rejeta kinachokuokoa ni mfuniko wenye presha, mfuniko ukichoka umeisha. Nguvu inayotakiwa kupasua upepo inapanda kwa kipeo cha tatu cha spidi (spidi mara spidi mara spidi), kutoka 180 mpaka 220 ni kama asilimia 80 zaidi, kwahiyo injini iliyokuwa inapumua kwenye limita sasa inakanyagwa mpaka mwisho dakika nzima nzima. Injini za Subaru za namna hii zikikimbizwa hivyo zinakula oili. Nimefungua zaidi ya moja zilizokatika beringi na wenye magari wote walisema neno moja, "mbona taa ya oili haikuwaka?" Taa ile inaangalia presha, ikiwaka ujue kazi imeshaisha. Kijiti cha oili kivutwe kila unapojaza wese, ni sekunde 20.

Sasa barabara. Nyoofu ya Usangu naijua, nimepita pale tangu nikiwa utingo. Inavutia kweli, lakini ni njia moja kwenda moja kurudi, semi za Tunduma zinafuatana tatu tatu, ng'ombe wanavuka kwenda malishoni na mchungaji ni mtoto, Chimala na Igurusi watu wa mchele wako kando ya lami kabisa, mama amejitwisha gunia hawezi hata kugeuza shingo. Ukirudi huku Inyala mpaka Uyole kuna ukungu na miteremko ambayo kila mtu wa Mbeya ana jina la mtu aliyempoteza pale. Kibao cha 50 kinaanza kinaisha kinaanza tena, na tochi za trafiki ni faini kila mara. Mtu akitoka na baiskeli kwenye kijia anakuangalia, anaona gari liko mbali, anavuka. Macho yake yamezoea basi la 80. Hawezi kujua wewe unakuja kwa 220, na kosa sio lake.

Kwahiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba njia ipo, ni kuflashi, na mimi naifanya, lakini naifanya kwa gari linalokwenda kukimbia barabara iliyofungwa yenye kibali. Kwa gari la kwenda Makambako na kurudi siifanyi, na nimeshakataa hela za watu wazima kuliko wewe. Gari lako tayari linafika 180, na hiyo ni zaidi ya barabara yoyote tuliyo nayo toka Ruaha Mbuyuni mpaka mpakani.

Laki na nusu yako naijua pa kuipeleka. Mafuta ya breki DOT 4 mapya mzunguko wote, bushi za mikono ya mbele (za STI za umri huo zinakuwa zimepasuka, shika mkono kwa nondo uone zinavyocheza), alaimenti, mfuniko mpya wa rejeta. Itabaki au itaongezeka kidogo kutegemea na hali. Alafu panda nalo Kawetere barabara ya Chunya asubuhi mapema, gia ya pili na ya tatu, ndani ya vibao, ndo utajua Subaru ilitengenezwa kwa ajili gani. Hata watu wa rali kule Iringa ukiwauliza watakwambia gari lao halina spidi kubwa ya mwisho, wanafupisha gia makusudi ili liondoke haraka kwenye kona, mana kwenye vilima na kona mshindi ni anayesimama na kuondoka vizuri.

Kama kweli una mpango wa kuingia kwenye mashindano niambie, hapo tunaongea lugha nyingine, tunaanza na roll keji (fremu ya chuma ndani ya gari ya kukulinda likipinduka) na mkanda kabla ya kompyuta. Kwa saivi nitumie picha za ubavu wa tairi zote nne, ile herufi ya mwisho na zile tarakimu nne za DOT zionekane, na picha ya kijiti cha oili gari likiwa limepoa sehemu tambarare. Tairi nyingine inaficha DOT kamili upande wa ndani, itabidi ulale chini na tochi ya simu.